Sura ya Nne: Katani Kwenye Koki

"Mimi sijaua mtu," alisema Asmahani. "Andika hivyo hivyo, afande. Sijaua mtu, na nikitoka humu nitalisema mbele ya mji mzima."

Alikuwa amekaa kitandani kwenye wodi ya wanawake, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alisema kwa sauti ya juu mno, maana sikio lake moja lilikuwa halisikii tangu juzi. Mlangoni alikaa Koplo Jumbe, kumlinda asitoroke, na zaidi kumlinda asije akatolewa kwa nguvu. Madereva wa bajaji walikwishafika mara moja kumuulizia, na hawakuja na machungwa ya kumpa pole.

Inspekta Anastazia Ngonyani alivuta kiti akakaa upande wa sikio zima. Alikuwa na hasira tangu alfajiri. Tanga nzima ilishahukumu kesi kabla yeye hajafungua jalada. Lucas Timotheo, dereva wa bajaji wa Mabawa, alikufa akiwa kwenye kituo cha gesi, na aliyeshika mpira wa kujazia alikuwa Asmahani. Basi. Watu hawakuhitaji zaidi ya hapo. Vijiweni walisema binti alikuwa akichezea simu, akajaza kupita kiasi, mtungi ukalipuka. Wengine waliapa kuwa wameona moto. Hapakuwa na moto wowote, lakini nani angesikiliza?

"Simu ilikuwa wapi?" Anastazia aliuliza.

"Ofisini. Sheria ya kituo. Ukikutwa na simu kwenye pampu unamwaga unga."

"Ulijaza kupita kipimo?"

"Nitapitishaje? Pampu ile hujifunga yenyewe ikifika kipimo. Hata ukiibembeleza haiongezi."

Hilo Anastazia alilijua. Jana alikuwa ameijaribu pampu ile mbele ya mwenye kituo na mpimaji, na kila mara ilikata pale pale ilipotakiwa. Aliridhika nayo kiasi cha kuruhusu kituo kifunguliwe tena.

"Abiria?"

"Hamna. Nilimwambia Lucas ashuke, akashuka. Mimi simjazii mtu akiwa amekaa. Ila alirudi nyuma ya kiti, akainama kusikiliza. Nikamwambia kaka, ondoka hapo. Akasema ngoja, kuna kitu kinalia. Ndipo ukatema."

"Ukatema nini?"

"Koki! Mtungi haukulipuka, afande. Ulitema koki. Ilimpitia hapa." Aligusa chini ya kidevu chake kwa mkono mzima, kisha akaushusha haraka. "Wallahi nilimwona."

Anastazia aliliandika hilo. Ndivyo alivyoona na yeye. Mtungi aliukuta mzima, umekaa nyuma ya kiti cha abiria kwenye bajaji iliyobonyea, shingo yake wazi. Koki yenyewe aliichimbua kwa bisibisi kutoka kwenye boriti ya paa la kituo, ambako hakuna aliyefikiria kutazama kwa sababu kila mtu alikuwa akitafuta dalili za moto.

"Mtungi wake uliwahi kukutia wasiwasi kabla ya siku hiyo?"

"Ulikuwa unanuka. Wiki nzima nilimwambia, Lucas, mtungi wako unanuka, urudishe kwa fundi. Alicheka. Akanambia, dadangu, huu umekazwa na mtu ninayemwamini kuliko hata wewe na pampu yako."

"Alimtaja?"

"Hakumtaja. Afande, mie nina mama yangu kule Ushongo. Wamemfikishia habari kuwa mwanawe ni muuaji. Leo hatoki nje."

Anastazia aliinuka. Mlangoni alimwambia Jumbe asimruhusu mtu yeyote kuingia, hata akija na barua ya nani.

Garini, kabla ya kuwasha, alitoa mfuko wa vielelezo na kuigeuza koki mwangani. Ilikuwa mpya, ya shaba, ya bei ya chini. Kwenye hesi zake, ile mistari ya kuzungushia, palikuwa na nyuzi zilizogandamana na rangi nyekundu. Mpimaji alikuwa ameandika "uchafu". Anastazia alizaliwa kwenye kambi ya manamba njia ya Muheza, baba yake akikata mkonge na mama yake akianika singa, zile nyuzi zake. Alijua anachokitazama. Ilikuwa katani.

Mtu alikuwa amefunga koki ya gesi, gesi ya mgandamizo unaoweza kurusha chuma kikatoboa zege, kwa katani na rangi, kama anavyofunga bomba la kunawia mikono. Damu ilimpanda kichwani akakaa pale mpaka ikashuka, ndipo akawasha gari.

*

Karakana ya Anga Jeupe ilikuwa Usagara, ukuta wake umechorwa mapafu mawili ya kijani na maneno makubwa: MOSHI BASI. Ndiyo iliyokuwa ikibadilisha bajaji nyingi mjini kutoka petroli kwenda gesi asilia, na stika yake ilikuwa kwenye bajaji ya Lucas. Mwenyewe, Bwana Alexander, alimpokea Anastazia kwa mikono miwili, shati jeupe, sauti ya msibani.

"Nimelia, afande. Lucas alikuwa mteja wangu. Nimewatumia wafiwa maturubai, na jeneza nimenunua mimi."

"Nimesikia. Nioneshe mnavyofunga."

Alimuonesha, na alionesha vizuri. Kulikuwa na bajaji imepandishwa juu ya vyuma, mtungi mpya kabisa nyuma ya kiti, koki imekaa kwenye shingo ya mtungi bila uwazi hata wa unywele. Alexander alieleza huku akizunguka. Bajaji moja ya petroli inatoa moshi kiasi gani, ikihamia kwenye gesi unapungua kiasi gani, mtoto wa Tanga anavuta nini akisimama njia panda. Alikuwa ameshasema maneno hayo kwenye mikutano mingi na yalimtoka bila kujikwaa. Kibaya zaidi yalikuwa ya kweli, na Anastazia alichukia kuyasikia kinywani mwake.

"Hapa kwenye shingo mnazungushia nini ili isivuje?"

"Hakuna. Koki na mtungi vinatoka kiwanda kimoja, vinashikana vyenyewe."

"Katani hamtumii?"

Alexander alicheka, kisha akakumbuka yuko kwenye huzuni. "Katani? Afande, hili si bomba la maji."

"Ya Lucas ilikuwa na katani."

"Basi baadaye alikwenda kufunga kwingine. Mafundi wa uchochoroni wamejaa, wanaghushi hata stika yetu. Mimi ningekuwa ninyi ningeanza na yule binti. Pampu inataka mtu makini."

Alimtazama usoni akilitamka neno binti. Anastazia alimpa tabasamu la kikazi, akaomba sehemu ya kunawa mikono.

Bomba lilikuwa uani, nyuma ya karakana. Alifungua maji, akanawa, na alipoinama kulifunga aliona maungio yake. Nyuzi zilizochanwa laini, zimezungushwa kwa mpangilio, zimepakwa rangi nyekundu, na mwisho wake umekatwa vizuri. Kazi ya mtu anayejivunia kazi yake. Alitoa mfuko akalinganisha. Rangi ile ile, mkono ule ule.

Pembeni, chini ya turubai, palikuwa na lundo la kitu. Aliinua ncha ya turubai. Mitungi, imepakwa kijani kibichi ambacho bado kilinukia. Alichukua ufunguo wa gari akakwangua ubavu wa mmoja. Chini ya kijani palikuwa na weusi, na chini ya weusi palikuwa na kutu. Mitungi ya oksijeni ya wachomeleaji vyuma, iliyozeeka na kutupwa, ikapakwa rangi ili ikae nyuma ya viti vya abiria.

Hatua za Alexander zilisikika. Anastazia alishusha turubai.

"Bomba lenu zuri," alisema. "Nani kawafungia? Langu nyumbani linavuja mwaka wa pili."

"Oo, kuna mzee mmoja wa Mabawa. Mzee Timotheo. Fundi wa zamani wa viwanda vya mkonge, mkono wake hauna mfano."

Alilitoa jina hilo kirahisi, kama mtu anayemwelekeza mgeni dukani. Kwake lilikuwa jina la mtu wa bomba; hakujua kwamba afande ameshalinganisha nyuzi. Jina hilo hilo lilikuwa kwenye jalada la Anastazia, mbele ya neno marehemu: Lucas Timotheo.

Alitamani kumshika Alexander kola pale pale. Lakini mitungi chini ya turubai ingekuwa na maelezo, na mwanamume yule alikuwa na maelezo ya kila kitu. Angesema ni vyuma chakavu vinavyosubiri kuuzwa. Kilichotakiwa ni mtu aliyeikaza, aseme kwa kinywa chake nani alimtuma. Akatoka getini, akapiga simu kituoni, akaomba askari wawili waje wakae mlangoni mwa Anga Jeupe. Hakuna kinachotoka, hata ndoo ya rangi. Kisha akaondoa gari kuelekea Mabawa kwa mwendo ambao angemwandikia mtu mwingine faini.

*

Msiba ulikuwa umejaa hadi barabarani. Ibada ilikuwa imekwisha na jeneza limetolewa barazani, tayari kwa safari ya makaburini. Kwaya ya Walutheri iliimba taratibu upande wa jikoni. Na kando ya barabara, kutoka nyumba ya marehemu hadi kona, zilipangwa bajaji. Ndivyo madereva wa Tanga wanavyomzika mwenzao: wote wanakuja, wote wanafunga kitambaa cheusi kwenye kioo, wanalisindikiza jeneza kwa msafara wakipiga honi njia nzima. Asubuhi ile, kituo kilipofunguliwa, walikuwa wamejaza gesi pomoni kwa ajili ya kazi hiyo.

Anastazia alipita katikati yao. Nyuma ya viti, mtungi mmoja, wa pili, wa tatu, kijani kibichi.

Kiongozi wao, Sele, kijana mnene mwenye kofia ya kufuma, alimkatia njia. "Afande, yule mwanamke mnamficha mpaka lini? Tunamzika Lucas leo. Kesho tunamtaka mahakamani, au tutamfuata wenyewe."

"Mkimgusa nitawafunga wote na honi zenu. Baba wa marehemu yuko wapi?"

Alikuwa ndani, kwenye kiti cha plastiki, kichwa wazi, koti la suti limemzidi mabega. Anastazia alipiga goti kidogo.

"Shikamoo mzee. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa." Alimtazama kwa macho makavu, mekundu. "Umekuja kuniambia mmempata. Sema. Ni yule wa pampu?"

"Mzee, naomba tuongee tukiwa wawili."

Waliokuwa ndani waliwaacha. Aliyetoka wa mwisho akarudisha pazia. Nje mchungaji alikuwa akiwaita wabeba jeneza.

"Bomba la pale Anga Jeupe ulifunga wewe?"

"Bomba?" Mzee alishangaa swali. "Bomba lilikuwa la siku moja tu. Pale mimi nilikuwa nakaza koki. Tangu mwaka jana."

"Koki za mitungi ya gesi?"

"Ndiyo. Kijana yule Alexander ana moyo. Watu wanasema mzee hana kazi tena, yeye akaniita. Ndiye aliyenunua jeneza."

"Alikuambia ufanyeje?"

Akaeleza. Alieleza kama fundi, na alipokuwa akieleza mabega yalinyooka kidogo ndani ya lile koti. Koki na mitungi havikuwa vinaelewana. Koki ndogo, shingo kubwa; ukizungusha inacheza. Bosi akamwambia, mzee, wewe umefunga mabomba ya viwanda vizima, zifanye zielewane. Basi akachana katani, akaisokota, akaizungushia kwenye hesi akipaka rangi kila mzunguko, akakaza kwa spana ndefu mpaka rangi ikatoka pembeni. Kisha akajaribu kwa povu la sabuni.

"Kwa upepo wa pampu ya tairi. Hata kiputo hakikutoka. Miaka yote ya kiwandani, koki yangu haijawahi kuvuja."

"Ulijua gesi inaingia kwa nguvu kiasi gani?"

"Bosi alisema ni hewa tu. Hewa safi. Mbona unauliza hivi?"

Anastazia alikuwa amehoji wezi, wabakaji, na mtu mmoja aliyemzika mkewe chini ya banda la kuku. Hakuwahi kutaka swali lirudi mdomoni kama alivyotaka sasa. Alimchukia Alexander kwa kumfanya yeye awe ndiye wa kusema. Aliingiza mkono kwenye mkoba.

"Hii ndiyo iliyomuua Lucas, mzee. Pampu haikukosea. Binti hakukosea. Koki ilichomoka."

Mzee Timotheo aliupokea mfuko. Aliugeuza upande mmoja, akaugeuza upande wa pili, akausogeza dirishani. Kidole gumba kilipita juu ya plastiki, kikifuata mzunguko wa nyuzi.

"Hii ni ya Lucas," alisema.

"Ndiyo. Nilikuambia..."

"Hapana. Wewe umeambiwa. Mimi naijua." Sauti yake haikupanda. "Wale wengine niliwatilia katani ya dukani. Hii ni singa ndefu, daraja la kwanza. Niliiweka ndani tangu siku kiwanda kilipofungwa, nikasema ipo siku itapata kazi ya maana. Alipoleta bajaji yake nikamwambia bosi, hii asiiguse mtu. Hii nakaza mimi, kwa katani yangu."

Mzee alimrudishia mfuko kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

"Yule binti mtoeni," alisema. "Leo. Ana mama?"

"Anaye. Nitampigia koplo sasa hivi."

"Na Alexander?"

"Leo hatalala kwake. Lakini nakuhitaji, mzee. Haya uliyoniambia uyaseme tena, mbele ya mahakama, na yeye akiwa amesimama pale. Watakuuliza na wewe. Watakuuliza vibaya."

"Waniulize."

Nje mtu aliwasha bajaji. Ya pili ikawaka, ikafuata ya tatu, na honi zikaanza. Jeneza lilikuwa limeinuliwa. Mzee Timotheo aligeuza kichwa kuelekea dirishani, na Anastazia akaona uso wake ukibadilika. Mzee akasimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Zile zote," alisema. "Mungu wangu, zile zote."

Alitoka na koti lake kubwa akiwapangua waombolezaji. Akalipita jeneza la mwanawe bila kulitazama, akaingia barabarani mbele ya msafara, mikono juu. Anastazia alimfuata mbio, simu sikioni: "Jumbe! Mwambie Asmahani yuko huru, umpeleke mwenyewe kwa mama yake Ushongo. Kisha waambie walioko Usagara wamfunge pingu Alexander. Nimesema pingu!"

"Zimeni!" mzee alikuwa akipiga kelele. "Zimeni, tokeni, kaeni mbali nazo!"

Walidhani huzuni imemzidi. Wawili walishuka kumshika mikono. Akawasukuma.

"Hamumjui aliyemuua Lucas? Mnamtafuta hospitali? Huyu hapa! Mitungi yenu ni mikweche ya wachomeleaji, nimeikaza mimi kwa katani kama bomba la chooni, na Alexander alijua. Zimeni!"

Kwaya ilikatika. Injini zikazimwa moja baada ya nyingine, kuanzia mbele hadi kwenye kona. Watu walianza kurudi nyuma, wengine wakivuta watoto. Anastazia alijisogeza karibu na mzee, mkono karibu na mkanda, maana aliwajua watu hawa wakikasirika wanavyokuwa, na hakuona namna ya kuwazuia wote. Mmoja alikuwa ameshaokota jiwe. Alilishika tu, akitazama mara mzee, mara jeneza.

Sele ndiye aliyesogea. Alienda nyuma ya bajaji yake, akavuta mgongo wa kiti cha abiria, akainama kutazama shingo ya mtungi. Alikaa hivyo muda. Alipoinuka alikuwa ameivua kofia yake.

"Mzee," alisema. "Na yangu?"

"Na yako, mwanangu. Yako ilirudi inavuja, unakumbuka? Ukaja na wanao wawili wamekaa nyuma." Sauti ya Mzee Timotheo ilianza kukatika. "Nikakwambia usihofu. Nikaongeza katani."